Breki za dharura za trela tulizofunga Changamwe: miezi minane barabarani, haya ndo niliyoyaona

Asalaam aleikum ndugu zangu. Watu wengi wameniuliza kuhusu zile breki za dharura tulizofunga kwenye trela yetu, zile za kuisimamisha ikikatika kutoka kwenye gari, wengine wamenishika mpaka ndani ya harusi sahani mkononi, kwa hivyo wacha niandike yote hapa mara moja. Ni refu, lakini wenye kuvuta trela ndogo nawaomba msome, hata kama yenu haijawahi kuwatoroka.

Kwa wasionijua, mi na ndugu yangu twakodisha hema, viti, sufuria na jenereta, tuko Majengo, Mombasa, kazi zetu nyingi ni harusi, maulidi na hitma, kutoka Bamburi mpaka Likoni mpaka Miritini. Mzigo mzito kabisa ni jenereta. Pamoja na trela yake tulipima tukapata kilo 1,250, na yavutwa na Hilux yetu ya dabo kabini. Trela ilitengenezwa na mafundi wa jua kali, ekseli moja, chuma kizuri, sina neno nao. Lakini haikuwa na breki hata moja, na mi miaka yote hio sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka jana mwezi wa nane, siku ya Ijumaa baada ya asri, tulikuwa twaenda Mikindani, dereva wetu yuko kwenye usukani na mi nimekaa kando yake. Tumevuka Makupa vizuri, tumepita Kibarani, tukaanza kupanda kuelekea Changamwe, hapo kuna mahali lami imefura, gari ikaruka kidogo tu, mara nikasikia kishindo nyuma alafu gari ikawa nyepesi ghafla, wahisi kabisa kama mtu aliyekuwa amekushika nguo ameachilia. Kutazama kwenye kioo naona trela yarudi nyuma peke yake na jenereta juu yake. Badala ya cheni ya usalama tulikuwa tumeifunga na waya, ule wa kufungia vyuma vya ujenzi, tumeukunja mara nne tukaona umetosha, na ulikatika kama uzi wa kushonea. Nyuma yetu kulikuwa na tuktuk ina abiria watatu. Yule kijana wa tuktuk Mungu amuweke, alikata kushoto bila kufikiria mara mbili, trela ikapita palepale alipokuwa, ikaenda ikagonga ukingo wa barabara ikalala upande. Alhamdulillah hakuguswa mtu. Chuma cha mbele kilichimba mfereji kwenye lami kama hatua sita, na mpaka leo nikipita hapo nautafuta kwa macho.

Aliyesimama kutusaidia ni dereva wa trela kubwa la kontena, alikuwa atoka bandarini. Akaja na mawe yake mawili akayaweka nyuma ya magurudumu kabla hata hajatusalimia, kisha akaniuliza, "Mama, langu hili ule mpira mwekundu wa hewa ukikatika, springi yashika magurudumu yenyewe, halisogei hata kidogo. Hili lako likikatika lashikwa na nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na hilo swali, nikalala nalo.

Kabla sijafika kwenye breki, lazima niwaambie kwa nini ilitoka, maana hapa ndo wengi mtajikuta. Ile tufe ya chuma nyuma ya gari, sisi twaita boli, juu yake imepigwa chapa ya saizi. Yetu ilikuwa na kutu hata haisomeki, tukaisugua na msasa ikatokea: 1-7/8, yaani inchi moja na saba juu ya nane, sawa na milimita 47.6. Kikombe cha trela kinachofunika boli chetu ni cha milimita 50. Tofauti ni milimita 2.4 peke yake, kwa jicho huioni, na shida ni kwamba kikombe chafunga vizuri kabisa, wasikia "tak", pini ya usalama yaingia, wainua gari na trela vyote kwa pamoja wadhani mambo sawa. Lakini mnaporuka shimo au tuta na mzigo ukavuta juu, kikombe chachomoka. Tulitembea na hio kitu miaka mitatu. Leo hii ukimaliza kusoma toka nje ukasome boli yako, kisha usome na kikombe, kwa kawaida nacho huwa kimeandikwa.

Basi nikaenda kutafuta hizi breki za dharura. Duka la kwanza silitaji, liko upande wa kisiwani, lauza spea na vitu vya magari vya kutoka nje. Kijana alikuwa na adabu sana, akanitolea seti: kisanduku cheusi cha plastiki, ndani betri ndogo ya volti 12, chaja yake, swichi yenye pini, na kebo nyembamba ya chuma. Akaniambia, "Dada, hii ukifunga, trela ikikatika yajisimamisha yenyewe." Nikalipa shilingi 14,500. Hakuniuliza kama trela yangu ina breki, na mi sikujua kama hilo ni swali la kuulizwa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja Changamwe anayeshughulika na ekseli na breki za trela, ni karakana ya mabati tu kando ya barabara, hana hata kibao. Akafungua kisanduku, akakitazama, akaenda kwenye gurudumu la trela, akatoa kifuniko, akaniita nichungulie. Ndani kuna bearingi na grisi, basi. Akasema, "Binti yangu, hiki ulichonunua ni kidole cha kubonyeza kengele. Kengele yenyewe iko wapi?"

Hapo ndo nilielewa, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Seti ya dharura haina breki ndani yake. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye breki za umeme ambazo tayari ziko kwenye magurudumu ya trela. Kama magurudumu hayana dramu (lile bakuli la chuma ambalo viatu vya breki hubana kwa ndani) na sumaku, umefunga betri na waya kwenye chuma, na siku trela ikikutoroka itakwenda vilevile kama yangu ilivyokwenda siku ile, ila hii itakuwa na kisanduku. Nilirudi dukani, nikaambiwa kikishafunguliwa hakirudishwi. Sikupigana nao kwa sababu kisanduku chenyewe ni kizima na nilikuwa nakihitaji, lakini moyoni niliumia, maana nimeuziwa usalama ambao haukuwepo, na kama nisingempata yule mzee ningetembea na watu wa Mombasa nyuma yangu nikijiambia niko salama.

Mzee akanipa hesabu yake. Ekseli yetu ya zamani haikuwa na sahani ya kushikia breki, ile ya tundu nne inayokaa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu), kwa hivyo akabadilisha ekseli nzima akaleta yenye uwezo wa kilo 1,588 na dramu za inchi 10, pande zote mbili. Ndani ya dramu kuna sumaku. Ukikanyaga breki ya gari, kontrola iliyo karibu na mguu wa dereva yapeleka umeme, sumaku yang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, yaburutwa kidogo, na huko kuburutwa ndo kunasukuma mkono unaofungua viatu vya breki. Hio ni ya kila siku. Ya dharura ni hivi: kebo imefungwa kwenye gari, ncha nyingine imeshika pini ya swichi iliyo kwenye trela. Gari na trela zikiachana, kebo yachomoa pini, swichi yafunga, umeme wa ile betri ndogo waenda moja kwa moja kwenye sumaku zote kwa nguvu yote.

Siku ya kuchukua trela mzee alikataa nilipe kabla sijaona. Aliweka trela kwenye kigurudumu chake cha mbele hapo uwanjani, haijashikana na gari kabisa, kebo tu ndo imefungwa kwenye Hilux. Akamwambia dereva atambae taratibu. Kebo ikanyooka, ikatetemeka, pini ikaruka na mlio mdogo kama kifuniko cha soda. Tukasukuma trela watu wanne, vijana wenye nguvu, na jenereta haikuwa juu yake siku hio. Magurudumu hayakuzunguka. Nilitokwa na machozi, sisemi uongo, nilimkumbuka yule kijana wa tuktuk.

Kisha nikataka kujua betri yadumu muda gani. Sheria ya Marekani kwa trela za biashara yataka breki hizi zishike zenyewe na zikae zimeshika si chini ya dakika 15, na Australia nao ni dakika 15 kwa trela zinazopita tani 2. Betri ya seti yangu imeandikwa ampia-saa 5, yaani kama kutoa ampia moja kwa muda wa saa tano. Breki mbili za inchi 10 zakula kama ampia 7 na nusu kwa pamoja, kwa hivyo dakika 15 zamaliza karibu ampia-saa 2, yatosha. Lakini mwenye ekseli mbili ana breki nne, ni ampia 15, dakika hizo hizo zamaliza karibu ampia-saa 4, na betri ndogo ikitolewa umeme kwa kasi hivyo haitoi yote iliyoandikwa. Kwa hivyo angalieni kwenye boksi kama seti ni ya ekseli moja au mbili. Nyumbani tuliinua trela kwenye jeki, tukavuta pini, nikaweka saa ya simu. Dakika 15 gurudumu halizunguki kwa mikono. Dakika 20 bado. Kwenye 25 hivi mpwa wangu akafanikiwa kulizungusha kwa tabu. Mi nimeridhika, dakika hizo zatosha kabisa kuweka mawe na kusimamisha magari mengine.

Jambo moja mzee alinisisitizia kwenye kujaribu: chomoa kwanza plagi ya trela kwenye gari ndo uvute pini. Ukivuta ikiwa imechomekwa umeme waweza kurudi mpaka kwenye kontrola ukaiunguza. Na ukishamaliza rudisha pini haraka, usiiache nje ati ndo breki ya kuegeshea, betri yafa na sumaku zapata moto. Kuegesha ni mawe au kabari.

Sasa kasoro, maana kasoro ziko.

Wiki ya pili tu, kwenye kona moja ya Majengo, zile za kupinda huku umekunja vioo, dereva akakata usukani mpaka mwisho, na gari ikasimama kama imegonga ukuta. Tukadhani injini. Nyuma tuktuk na mikokoteni wamejaa, kila mtu apiga kelele. Kumbe kebo ilifungwa fupi, kwenye kona kali ikanyooka ikavuta pini, na breki zikafanya kazi yake. Mzee akairefusha siku hio hio bila kunidai. Iwe na nafasi ya kona kali kabisa unayoipita, lakini isiburuze chini, maana lami yaila mpaka ikatike bila wewe kujua. Na ifungwe kwenye chuma cha gari chenyewe, mbali na boli. Nimeona watu wameizungusha kwenye shingo ya boli, sasa ile boli au chuma chake kikichomoka na trela, kebo yaenda nayo pamoja na pini iko ndani bado, breki hazitajua kama kumetokea kitu.

Kasoro ya pili ni chaji. Chaja ya seti yachukua umeme kutoka kwenye gari kupitia plagi, lakini plagi yetu ilikuwa na waya za taa tu, hakukuwa na waya wa umeme wa moja kwa moja. Mwezi wa tatu nikabonyeza kitufe cha kupima betri, kitaa cha kijani hakikuwaka. Betri imekaa inajimaliza pole pole na sisi twazunguka mjini. Hapa mzee alikosa, na alikubali mwenyewe kuwa alipaswa kuangalia, akavuta waya mpya na fyuzi yake. Tangu hapo kitaa ni kijani, na mi nabonyeza kila asubuhi ya kazi kabla dereva hajawasha gari.

Ya tatu ni chumvi, na hii ni yetu sisi watu wa pwani. Pini ya swichi yangu ni ya plastiki, hio sawa, lakini vile vibati vya ndani inapochomekwa vilianza kuota kijani mwezi wa tano. Pini ikawa ngumu kutoka, unavuta kwa mikono miwili, na pini ngumu ni pini ambayo siku ya dharura yaweza kukata kebo badala ya kuchomoka. Sasa kila mwisho wa mwezi naivuta, napangusa, napaka grisi kidogo ya umeme, narudisha. Kazi ya dakika mbili. Kebo iliyokuja kwenye seti ilianza kuvaa kutu pia, tukaibadilisha tukaweka ya chuma kisichoshika kutu, shilingi 600.

Wenye maboti, hasa nyie wa Mtwapa na Kilifi, mi nisingewashauri hizi za umeme. Gurudumu lenu laingia kwenye maji ya bahari kila mkishusha boti, na sumaku na waya na maji ya chumvi havikai pamoja. Jirani yetu ana trela ya boti iliyotoka Uingereza, kule na Ulaya yote trela ikipita kilo 750 lazima iwe na breki zake, na yake yatumia mtindo mwingine: gari likipunguza mwendo trela yasukuma mbele, huko kusukuma ndo kunabana breki, umeme hauko kabisa. Ya dharura ni kebo iliyoshikana na hendibreki ya trela. Zikiachana kebo yavuta hendibreki mpaka juu, kisha kebo yenyewe yakatika na trela yabaki imesimama. Hakuna betri ya kukumbuka. Nayo yataka kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila mkitoka baharini na nyaya za breki kutiwa mafuta, lakini kwa boti naona ndo yafaa zaidi.

Cheni za usalama tumeweka mbili, ule waya wa ujenzi tuliutupa. Zapita chini ya chuma cha mbele zikiwa zimepishana kama msalaba, ili kikombe kikitoka chuma kiangukie juu ya cheni badala ya kuchimba lami. Na jenereta tuliisogeza mbele kidogo, zamani ilikaa nyuma ya ekseli na trela ilikuwa yayumba kila tukipita 60, tukawa twalaumu upepo. Sasa haiyumbi.

Tumevuka feri ya Likoni nayo mara nyingi, tumepita Dongo Kundu na daraja la Mteza tukienda Diani. Feri ndo nilikuwa naogopa zaidi, tangu ile gari ndogo ilipoteleza ikaingia baharini Septemba 2019 mi nikifika kwenye ule mteremko moyo wanidunda. Zamani tukishuka trela ilikuwa yaisukuma gari, wahisi kabisa yakusukuma mgongoni. Sasa dereva ageuza kontrola kidogo na trela yajizuia yenyewe nyuma, gari yashuka kama haina kitu. Hio peke yake, hata kabla ya dharura yoyote, ilistahili pesa zangu.

Pesa ni hivi. Seti 14,500, ekseli na breki na dramu zake 46,000, kontrola 15,000, ufundi 12,000, jumla 87,500 kabla ya ile kebo na waya wa chaji. Ni nyingi, najua, kwetu ilikuwa ni karibu harusi tano za jenereta. Mzee wa Changamwe nampa nyota nne na nusu kwa tano, ile nusu ni ya kebo fupi na waya wa chaji. Seti yenyewe nampa aliyeitengeneza nne, vibati vya swichi haviwezi hewa yetu. Lile duka la kwanza nalipatia nyota mbili, kwa sababu bidhaa ilikuwa halali lakini maelezo hayakuwa ya kweli.

Mkienda kununua, popote pale, mwambieni muuzaji kabla hajafungua boksi kama trela yenu ina breki za umeme na ni ekseli ngapi, na akisema haijalishi, ondokeni. Ombeni chaja iwe ndani ya seti, isiwe ya kununuliwa kando, na mbonyeze kile kitufe palepale kaunta muone kama kitaa chawaka. Anayetaka kuja kuona yetu ilivyofungwa aje Majengo siku yoyote isipokuwa Alhamisi mpaka Jumapili, hizo siku trela iko kazini.